Mdudu Aliyekataa Maharagi

Sijawahi kumpenda mdudu hata mmoja. Nalisema mapema kwa sababu kwenye sherehe ya kuniaga Direkta wetu alisimama na glasi yake ya limonadi akasema Mama Leoni aliwapenda wadudu kama watoto wake wa kuzaa. Watu wakapiga makofi. Mimi nina watoto watano, na hakuna hata mmoja niliyemchoma pini kifuani nikamfungia sandukuni pamoja na vidonge vya naftalini. Lakini ndiye Direkta wetu huyo: akisimama, mdomo unatangulia na akili inafuata kwa baiskeli.

Nyinyi mnaobaki pale kwenye kituo chetu cha utafiti mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Sawa. Kazi yangu ilikuwa kuainisha mbawakawa wa majani. Mbawakawa ni wale wadudu wenye mabawa magumu mgongoni, na hawa wa majani ni wadogo kuliko punje ya haragi, wanang'aa, na maisha yao yote ni kutoboa majani. Kuainisha ni kusema huyu ni nani na yule ni nani, basi. Wajukuu zangu hadi leo wanadhani nilikuwa nauza dawa ya mende. Na nyinyi vijana najua macho yenu yako Manono, kwenye mawe ya migodi, maana mawe yanaleta magari na wadudu wanaleta mafua ya vumbi. Haya, kaeni basi niwaeleze jinsi jina moja lililotolewa ovyo lilivyotaka kulaza kisiwa kizima na njaa.

Siku ya kwanza nilifika Kalemie na viatu vya kisigino na diploma ndani ya bahasha. Mkuu wa makusanyo ya wadudu alikuwa Papa Kabulo. Hakuifungua bahasha. Alikuwa amesomea Ulaya, alizungumza Kifaransa cha kukunja mdomo, na dharau yake ilikuwa ya haki kabisa: aliwadharau wote sawasawa, maprofesa, mawaziri na sisi wageni. Alinisukumia kisahani chenye wadudu wawili wa rangi ya machungwa.

"Hawa ni ndugu ao si ndugu?"

Nikawatazama. Rangi moja, ukubwa mmoja. Nikasema ni ndugu.

"Hata mimi na gavana tuna mashati ya rangi moja," akasema. "Kaa chini. Vua hivyo viatu, utaanguka na sanduku."

Ndivyo nilivyoajiriwa kwa kweli, siyo kwa ile karatasi. Papa Kabulo alinifundisha kumlainisha mdudu mkavu kwenye maji ya vuguvugu, kumlaza chini ya mikroskopu, kumfungua tumbo kwa sindano na kuvuta kiungo chake cha uume. Ndiyo, hicho hicho. Chekeni mmalize, tuendelee. Rangi ya mdudu inadanganya, madoa yanadanganya, lakini kile kiungo lazima kikae sawasawa kwa jike wa kabila lake, kama ufunguo na kufuli, kwa hiyo kila kabila lina chake. Mume wangu alipowauliza wenzangu ninashinda nikifanya nini kazini, walimweleza. Hakuuliza tena.

Alinifundisha pia kwamba chupa moja ni ya mmea mmoja. Ukiokota wadudu wa maharagi na wadudu wa kichakani ukawatia chupa moja, umekwisha kutupa nusu ya wanachoweza kukuambia, maana chakula ni ushahidi. Na jambo alilolirudia mpaka nikalisikia ndotoni lilikuwa hili: "Unaandika pahali ulipomushika. Siyo pahali unapofikiri ametoka. Mududu hana pasipoti." Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoshwa na sisi. Likumbukeni, tutalirudia.

Vifaa? Mikroskopu moja, ya kazi, na nyingine ya kuonyeshea wageni. Pini. Koleo ndogo za ncha nyembamba ambazo wake wa wakubwa walizoea kuzichukua kwa ajili ya nyusi zao. Alkoholi ilipokosekana tulitumia lutuku, pombe kali ya kienyeji, ile ya kwanza kutoka kwenye pipa, inayowaka ukiiwashia kiberiti. Mlinzi wetu mmoja aliinywa chupa nzima pamoja na wadudu wake. Alipona. Sampuli hazikupona.

Miaka ikapita, Papa Kabulo akafariki, mikroskopu yake ikabaki kwangu, na ADN ikaja. Wenzetu wa Kigoma wanaita vinasaba. Nikaambiwa sasa mguu mmoja wa mdudu unatosha, unautuma ng'ambo kwenye laboratware, wanausoma, wanakuambia ukoo wake. Sikubisha. Nilifurahi hata, maana macho yangu yalianza kuchoka. Ila ADN ilileta pamoja nayo watu wa aina fulani ambao hawawezi kumtofautisha mbawakawa na kunguni, lakini wanakutazama kama wewe ndiye kiberiti na wao ndio umeme. Sina ugomvi na ADN. Ugomvi wangu ni na wavivu wake.

Sasa tufike Kalamba.

Kalamba ni kisiwa cha mawe na mteremko, na wanawake wa huko wanalima maharagi kwenye vijisehemu vya udongo ambavyo wewe ungepita bila kuviona. Wanayaleta Kalemie kwa mtumbwi wa mota, yakiwa mabichi ndani ya magunia pamoja na majani yake kwa mboga. Ndiyo maisha yao. Samaki ni wa wanaume, na msimu wa ziwa kuchafuka ni maharagi yanayoweka sufuria motoni.

Msimu mmoja, si wa zamani sana, mashamba ya maharagi ya huku kwetu, kando ya mto Lukuga, yalitobolewa na mbawakawa wa rangi ya machungwa. Majani yakawa chujio. Watu wa idara moja ya jimbo, ambao siku nyingine zote huwaoni shambani, wakatafuta wa kulaumu. Mmoja wao akasikia kuwa Kalamba nako kuna mbawakawa wa rangi ya machungwa. Mara amri ikatoka: maharagi ya Kalamba yasishuke Kalemie mpaka mdudu ajulikane. Na ikithibitika ni yule yule, maharagi yote ya kisiwa yang'olewe na kuchomwa, na wasipande tena.

Mama Adolfina alikuja biro, ofisini kwangu. Ndiye kiongozi wa wanawake wa Kalamba, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na hakubisha hodi.

"Mama Leoni, njo nyinyi munasomaka wadudu?"

"Ni sisi."

"Ile dudu yetu iko pale tangu bibi zetu. Haikulaka maharagi hata siku moja. Inakaaka ku mbuzi-hataki tu. Sasa wanasema tuchome mashamba. Tukichoma, watoto watakula mawe?"

Mbuzi-hataki ni kichaka cha majani makavu yenye manyoya kinachoota katikati ya mawe huko Kalamba. Jina lake linajieleza. Nilimwambia Mama Adolfina nitakuja mwenyewe, na nikaenda kumwomba Direkta ruhusa.

"Haina haja, Mama," akasema Direkta. "Mutaalamu anatoka Kinshasa. Docteur. Wa ADN."

Akaja. Suti ya bluu, sanduku la alumini, viatu vya kuchongoka kama mdomo wa samaki. Akafikia hoteli ya kando ya ziwa, yenye feni. Alinisalimia vizuri, nisimsingizie, kisha akatazama mikroskopu ya Papa Kabulo akasema, "Ah, mungeipeleka makumbusho." Nikamwambia bado tunaitumia kila siku. Akacheka kwa huruma. Ile huruma niliihifadhi.

Mimi nikachukua likizo yangu nikavuka. Kalamba wana desturi moja: anayekanyaga mchanga wao, awe nani, askari, padri au mpiga kampeni, anapewa ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, nyumbani kwa Mama Adolfina na anakula kwanza, ndipo anasema kilichomleta. Hakuna anayepita bila hilo, kwa sababu kisiwa kina pahali pamoja tu pa kushukia na nyumba yake iko hapo hapo. Nilikula. Nikapanda mteremko, nikakusanya. Juu ya mbuzi-hataki walikuwa wengi, wanang'aa. Nikatafuta kwenye maharagi, jani kwa jani, mpaka mgongo ukagoma. Sikupata hata mmoja.

Nikawaweka visandukuni na majani ya aina mbili. Wakala mbuzi-hataki. Nikaondoa mbuzi-hataki, nikawaachia maharagi peke yake. Hapa vijana muwe waangalifu, kwa sababu mdudu mwenye njaa huonja chochote, hata mimi mkinifungia na muhogo mchungu nitaung'ata. Hawa hawakuonja. Walitembea juu ya jani, wakatafuta mlango, wakafa juu yake tumbo tupu na jani zima. Nikarudi, nikafungua madume. Kiungo cha mdudu wa Lukuga kimenyooka kama msumari. Cha Kalamba kimepinda nchani kama ndoana. Nikang'oa miguu, nikaituma ng'ambo kwa msichana niliyemfundisha mimi, siku hizi yuko kwenye laboratware kubwa. Jibu lake lilikuja kabla ya kikao: si ndugu, Mama, wala hawakaribiani, na huyo wa Kalamba bado hana jina popote.

Lakini Mtaalamu naye alikuwa na jibu lake. Alisema ametwanga wadudu wa Lukuga na wadudu wa Kalamba, amesoma ADN zao, na ni mdudu mmoja, bila shaka yoyote. Na kwenye visanduku vyake wadudu wa Kalamba walikula maharagi kama wageni wa harusi.

Hilo lilinisumbua sana, siwafichi. Mtu anaweza kuwa na majivuno na bado akawa na haki. Nimewaona wa namna hiyo. Nikachukua upya chupa zangu zote, nikafungua madume wengine, nikaangalia kama sikuchanganya. Sikuchanganya. Basi mmoja wetu alikuwa ameshika mdudu mwingine, na sikujua ni vipi. Na Mama Adolfina alikuwa akinipigia simu akitaka kusikia kama mashamba yatabaki.

Kikao kikafanyika kwenye ukumbi wa jimbo. Wakubwa mbele, sisi nyuma, wanawake wa Kalamba wamesimama ukutani na vitenge vyao vya sare. Mtaalamu akaonyesha picha ukutani: jani la maharagi limetobolewa, chini limeandikwa Kalamba. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa huzuni ya watu ambao chakula chao cha mchana kimekwisha agizwa. Nikaonyesha zangu. Mkubwa mmoja aliona picha ya kiungo cha mdudu akafunika macho. Mtaalamu akasema kwa upole kwamba anatomia ya Mama ni ya kuheshimiwa, ila ni ya zamani, na leo dunia inaamua kwa ADN. Nikasema ADN ninayo pia. Direkta akasema basi zipo ADN mbili, tuchukue ile ya Kinshasa.

Mama Adolfina alikuwa amesikiliza muda wote mikono kifuani.

"Docteur," akasema, "kwetu ulikula ndagala kwa nani?"

Mtaalamu akatabasamu. "Mama, mimi ndagala sikulaka. Tumbo langu linakataa."

"Siulizi tumbo. Nauliza ni nani alikupa."

"Hakuna aliyenipa."

"Basi haukufika kwetu."

Nikasimama, kwa sababu nilikuwa nimesikia sauti ya Papa Kabulo sikioni wazi kabisa.

"Docteur," nikasema, "hawa wadudu wako wa Kalamba uliwashikia pahali gani?"

"Ku mitumbwi ya Kalamba."

"Mitumbwi ikiwa wapi?"

Akaanza kueleza habari ya usalama, habari ya mawimbi, habari ya koti la kuokolea ambalo halikuwa saizi yake. Nikauliza tena, mitumbwi ikiwa wapi. Ilikuwa hapa hapa Kalemie, ufukweni, pale ilipozuiwa isishushe. Magunia ya maharagi mabichi yamelala juani siku kadhaa, na nyuma yake, umbali wa kutupa jiwe, mashamba ya Lukuga yaliyojaa wadudu wetu wenyewe. Wakaruka, wakaja kula. Naye akawaokota juu ya magunia, akaandika: Kalamba.

Yaani ule msafara wote, sanduku la alumini, feni, Kinshasa, mashine, alikuwa amemlinganisha Juma wa asubuhi na Juma wa jioni, akagundua kwamba wanafanana. Kweli walifanana. ADN yake haikukosea hata herufi moja.

Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo, mbele ya wakubwa. Wanawake ukutani wakapiga vigelegele. Mtaalamu akakunja nyaya zake.

Amri ikafutwa. Hakuna aliyeomba msamaha, msingoje vitu vya namna hiyo. Direkta alitangaza ni ushindi wa kituo chetu, na baadaye akaniita pembeni kunidokeza kwamba mdudu mpya anahitaji jina, na kwamba majina ya viongozi hutumika katika sayansi. Nikamwambia ni heshima kubwa, ila nitalazimika kuandika kwamba anatambulika kwa kiungo chake kilichopinda. Akasema tulifikirie kwanza. Analifikiria hadi leo.

Ili kumpa mdudu jina rasmi nilihitaji wengine, majike hasa. Nikavuka tena. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nilibeba hata keki. Nikala ndagala zangu, nikapanda mteremko, na sikuona kichaka hata kimoja. Mashimo tu kati ya mawe, na majivu.

Kumbe kabla ya kikao mtu wa ile idara alipita na mtumbwi, akawaambia kwa sauti ya urafiki: ondoeni nyumba ya mdudu, labda tutawaachia maharagi. Wakaing'oa mbuzi-hataki yote, toka ufukweni hadi kileleni, wanawake na watoto.

"Tulikuwa tunaokoa mashamba, Mama," akasema Mama Adolfina. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Tuliogopa kukuambia ku telefone."

Ningemlaumu nani, mwenye watoto? Nilikaa juu ya jiwe nikalia. Ndiyo, mimi, ambaye nimewaambia hapo juu kwamba sijawahi kumpenda mdudu hata mmoja. Nililia kwa hasira, kwa sababu alikuwa ameishi pale na bibi zao bila kumsumbua mtu, tumemaliza kuthibitisha kwamba hana kosa, na tumekuta amekwisha nyongwa.

Asubuhi yake Mama Adolfina alisema kabla sijaondoka nimsindikize akamsalimie mama yake. Mama yake yuko makaburini, upande wa nyuma wa kisiwa. Kalamba hawaingii makaburini na jembe wala panga isipokuwa siku ya kuzika; nyasi na vichaka vya pale ni vya marehemu. Hata walipokuwa wanang'oa kwa hofu, hakuna aliyethubutu kuingia. Tukafika. Misalaba ya miti ilikuwa imezama ndani ya mbuzi-hataki, na juu ya majani walikuwapo wale wadudu, wazima, wanang'aa, wanatoboa.

Mama Adolfina alinishika mkono. Sikukusanya siku ile; niliomba kwanza ruhusa ya wenye makaburi, nikapewa, nikachukua wachache.

Habari husafiri. Juzi, nimekwisha staafu, Mtaalamu ameniandikia kwa WhatsApp. Ananiita Mama yetu mpenzi. Anataka nimtumie wadudu wa Kalamba, wengi kadiri iwezekanavyo, awatwange, aandike juu yao, na jina langu ataliweka la tatu. Nilimjibu neno kwa neno hivi: njoo mwenyewe, mtumbwi unaondoka asubuhi.

Akija, mpokeeni nyinyi mliobaki, mpeni koti la saizi yake, wala msimpeleke makaburini kabla hajala. Hajaja bado. Mama Adolfina anasema ndagala wake wapo, anawaanika.